Kwa nini meseji za chumba cha rubani zinapotea au kuchelewa angani? Wenye ujuzi tusaidieni

#1 Mpanga_Safari
Wakuu, heshima kwenu.

Nipo dawati la kupanga na kufuatilia safari kwenye shirika moja la ndege, huu mwaka wa 9. Wiki iliyopita ndege yetu ilikuwa inatoka Mumbai kuja Dar usiku. Saa 8 na dakika 10 utabiri wa Dar ukabadilika, radi zinaingia kutoka baharini. Nikamwandikia kapteni kwa ACARS (mfumo wa meseji kati ya ndege na ardhini): hali mpya ya hewa, na ombi apige hesabu ya mafuta ya kwenda Kilimanjaro endapo Dar itafunga. Nikatuma. Kimya. Baada ya dakika 7 nikatuma tena. Kimya. Nikatuma ya tatu huku nimeshika simu naomba waongoza ndege wamfikishie kwa redio, nao HF (redio ya masafa ya mbali) inawakwaruza tu.

Saa 8 na dakika 51 majibu ya kupokelewa yakaingia yote matatu kwa mpigo. Asubuhi kapteni aliposhuka akaniwekea mezani karatasi ya printa ya ndege, ndefu kama mkono: ujumbe uleule mara tatu, na muda wa kupokelewa ni mmoja. Akaniambia, "Kijana, hizi zimenikuta nimeshaanza kujiandaa kushuka." Walitua salama, Mungu mkubwa. Ila zile dakika 41 sijazisahau.

Swali langu: kiswaswadu cha bei ndogo kabisa kule Nachingwea kinapokea meseji, ndege yenye thamani ile inakosa. Tatizo liko wapi hasa?

#2 Kapteni_Mstaafu
Mwanangu, pole. Kabla ya kulaumu dunia nzima, anza humo humo ndani ya ndege. Redio ya VHF (ya masafa ya karibu) namba 3 huwa tunaiacha kwenye DATA ndiyo ibebe ACARS. Rubani akiigeuza kwenye sauti ili asikilize masafa ya dharura au azungumze na kampuni, halafu akasahau kuirudisha, meseji zote za VHF zinabaki mlangoni. Nimeliona zaidi ya mara moja, na mara moja nilikuwa ni mimi mwenyewe. Muulize kapteni wako.

#3 Mpanga_Safari
Shikamoo Kapteni. Nilimuuliza. Anasema ilikuwa kwenye DATA muda wote, na msaidizi wake anakubali.

#4 Kapteni_Mstaafu
Marahaba. Rubani yeyote ukimuuliza atasema ilikuwa kwenye DATA.

#5 Fundi_Avioniki
Kapteni huyo 😂 anatusaidia sisi mafundi leo, maana kila ndege ikitua na kilio cha mawasiliano, kwenye kitabu wanaandika "redio mbovu", tunaipima ardhini, nzima.

Ngoja niweke msingi, maana naona wengine watachanganya. ACARS ni bomba la ujumbe, ilianza Marekani 1978. Kwa VHF ya zamani inatembea kwa biti 2,400 kwa sekunde. Ujumbe unakatwa vipande, kila kipande herufi 220 mwisho, na kila kipande lazima kijibiwe kwamba kimefika. Kisipojibiwa kinatumwa tena. Kwa hiyo ujumbe mrefu, mfano karatasi ya mizigo, kipande kimoja kikikwama mzima unasubiri. CPDLC ni kitu kingine: ni mazungumzo ya maandishi kati ya rubani na muongoza ndege. Kwa njia za bahari CPDLC ya aina ya FANS inapita ndani ya bomba hilo hilo la ACARS. Bomba likiziba, vyote vinaziba.

Sasa VHF haipindi. Ndege ikiwa futi 35,000 inaona kituo cha ardhini hadi kama maili 230 za baharini. Zaidi ya hapo ni setilaiti, au HF ya data kwa ndege zilizofungwa mtambo huo. Mumbai hadi Dar sehemu kubwa ni maji. Mpanga_Safari, ndege yenu ina setilaiti?

#6 Mpanga_Safari
Inayo, mkuu.

#7 Fundi_Avioniki
Basi mimi dau langu naweka kwenye kubadilisha njia. Mfumo wa ndege umepangwa upendelee VHF kwanza kwa sababu ni nafuu. Mkikaribia pwani, ndege inaanza kusikia kituo cha ardhini kwa mbali, inakata setilaiti na kuhamia VHF. Lakini kukisikia kituo si sawa na kituo kukusikia wewe. Inatuma, haijibiwi, inarudia, inarudia, mpaka ikate tamaa irudi setilaiti. Huku ardhini mtoa huduma anajua ndege iko VHF, anapeleka ujumbe wako huko. Kila upande unamtafuta mwenzake mlango usio wake.

#8 Msomi_wa_Mbezi
Acheni kuzunguka. Ni simu za abiria. Watu hawazimi simu, zinaingilia mitambo. Kila mtu anajua.

#9 Fundi_Avioniki
Msomi_wa_Mbezi #8, simu ikiwa karibu na rubani anaweza kusikia ule mlio wa "tititi-tititi" kwenye vipokea sauti vyake, hilo kweli. Ila kuzuia ujumbe dakika 41 katikati ya bahari, ambapo simu hazina hata mnara wa kuongea nao? Hapana kaka.

#10 Zamu_ya_Usiku
Naandikia kutoka Ulaya, ni Mtanzania, niko kwenye mitambo ya mawasiliano ya anga. Kinachonifurahisha ni kwamba jambo hili Ulaya nzima ililifanyia kazi kwa miaka, na bado watu wanabishana.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni namba 29/2009: ndege zinazoruka juu ya kiwango cha 285, yaani futi 28,500, ziwe na CPDLC. Vituo vya ardhini vilipewa hadi Februari 2013, ndege hadi Februari 2015. Kituo cha kuongoza ndege cha Maastricht kilikuwa kimeshaanza mapema. Basi ndege zilipoongezeka, mawasiliano yakaanza kukatika yenyewe: rubani yuko katikati ya mazungumzo, mfumo unasema umekatwa, sio na rubani wala muongozaji, umekatwa na mtandao wenyewe. Chanzo cha kawaida ni hewani pakipotea mawasiliano kama dakika 6, mfumo unahesabu mwenzake amekufa, unafunga. Hali ikawa mbaya hadi 2015 tarehe zikasogezwa: ardhini Februari 2018, ndege Februari 2020.

Sababu kubwa iliyoonekana: wote walikuwa wamerundikwa kwenye masafa mamoja, 136.975. Ni VDL ya aina ya 2 (njia mpya ya data kwa VHF), kasi biti 31,500 kwa sekunde, kubwa kuliko ACARS ya zamani mara 13, lakini ni barabara moja ya wote. Kabla ya kutuma, redio inasikiliza kama kuna anayeongea. Ndege mbili zisizosikiana zinatuma pamoja, zinagongana, zote zinapotea.

#11 Muongozaji_EA
Zamu_ya_Usiku #10, asante kwa historia, ila hapo mwisho nikurekebishe. Ndege zilizo juu zinasikiana vizuri tu, ziko juu zote. Wasiosikiana ni vituo vya ardhini. Chukua watu wawili mabondeni, mmoja huku mmoja kule, na mtu yuko juu ya kilima. Wa mabondeni hawasikiani, kila mmoja anaona kimya, wanamwita wa juu kwa wakati mmoja. Yule wa juu anasikia kelele tupu. Ndiyo maana ndege iliyo juu kabisa, yenye kuona vituo vingi, ndiyo inayoumia zaidi.

#12 Zamu_ya_Usiku
Uko sahihi kabisa, niliandika haraka. Vituo vya ardhini ndivyo vinavyofichana. Na dawa waliyotumia ni kuongeza masafa mengine pembeni ya lile moja.

#13 Mama_Wawili_KLM (Kilimanjaro jamani, sio shirika)
Samahani, mimi ni abiria tu. Kwa hiyo huku kwetu tuna msongamano kama wa Ulaya?

#14 Muongozaji_EA
Dada, hapana. Ndiyo maana sikubali Ulaya iletwe kama jibu la swali la #1. Usiku ule juu ya bahari kulikuwa na ndege chache sana. Ulaya wanakufa kwa wingi wa vituo, sisi tunakufa kwa uchache wake. Kusini mwetu na baharini kuna mapengo ambayo VHF haifiki, na mazungumzo mengi bado ni ya sauti.

Na kuna sehemu ya njia ile inapita karibu na anga la Somalia. Vijana hamkumbuki: kwa miaka mingi lile lilikuwa anga lisilo na uongozaji kamili. Marubani walitangaza wenyewe mahali walipo kwenye 126.9, kila mmoja anasikiliza mwenzake asije akapita kimo kimoja naye. Lilirudishwa daraja A, yaani anga linaloongozwa kikamilifu, Januari 2023. Tumetoka mbali.

#15 Bahari_Yetu
Mimi natoka Muscat, nilikuwa upande wa kampuni. Nakubaliana na Fundi kiasi, ila mmesahau jina la ndege.

Rubani anapoingia kwenye mfumo wa kituo, tuseme Mumbai anaandika VABF, Mauritius FIMM, Maastricht EDYY, lazima namba ya safari anayoandika ifanane herufi kwa herufi na ile ya mpango wa safari. Ukiandika kifupi cha herufi mbili cha tiketi badala ya cha herufi tatu cha waongozaji, mfumo hauna habari na wewe. Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho na usajili kwenye mpango ukabaki wa ile ya kwanza, vilevile. Nilishaona safari nzima imeenda kwa HF kwa sababu ya sifuri moja ya mbele.

#16 Fundi_Avioniki
Hilo ni la CPDLC ndugu yangu. Ujumbe wa #1 ulikuwa wa kampuni.

#17 Bahari_Yetu
Sawa, nimekubali. Ila kichwa cha uzi kinasema meseji za chumba cha rubani, na zote zinaishia kwenye kioo kimoja.

#18 Kapteni_Mstaafu
Bahari_Yetu #15 amenikumbusha Air France 447, Rio kwenda Paris, 1 Juni 2009, A330, watu 228. Wengi wanajua habari ya mirija ya kasi kuganda barafu. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo marubani walijaribu mara 3 kuingia kwenye mfumo wa ufuatiliaji wa Dakar na hawakufanikiwa, kwa sababu mpango wa safari yao haukuwemo kwenye mfumo wa Dakar. Haikuangusha ndege, sisemi hivyo. Lakini angalia upande wa pili: ndege hiyohiyo, kati ya saa 2:10 na 2:15 kwa saa za UTC, ilituma kwa setilaiti ujumbe 24 wa matengenezo, yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Visanduku vilipatikana chini ya bahari Mei 2011. Kwa karibu miaka 2 zile mistari 24 ndiyo ilikuwa sauti pekee ya ndege ile.

Nilizisoma zilipochapishwa. Fupi, za kimashine, moja baada ya nyingine. Niliweka chini nikatoka nje.

#19 Mama_Wawili_KLM
Daah. Mungu awapumzishe.

#20 Mpemba_Halisi
Assalaam aleykum. Mmefika kwenye ndege zilizopotea, nami nina la kusema. Ile ya Malaysia, MH370, ya 8 Machi 2014, watu 239. Juni 2016 kipande cha bawa kilionekana pwani ya kwetu Pemba. Watu wakadhani ni takataka za bahari kama zinavyokuja siku zote na kaskazi na kusi. Septemba mwaka huo Australia wakathibitisha ni ya ndege ile. Kabla yake kilishapatikana kipande Réunion, Julai 2015. Bahari ilituletea ujumbe ambao mitambo haikuleta.

#21 Zamu_ya_Usiku
Waaleykum salaam. Na MH370 ndiyo somo la mada hii. ACARS yake ya mwisho ilikuwa saa 1:07 usiku kwa saa za Malaysia (yaani saa 7 na dakika 7 kwa hesabu yetu). Iliyotarajiwa 1:37 haikuja. Lakini antena ya setilaiti iliendelea kusalimiana na Inmarsat (kampuni ya setilaiti) kila saa, salamu tupu zisizo na neno ndani, hadi 8:19 asubuhi. Kutokana na ucheleweshaji wa zile salamu ndipo walipochora ule upinde wa kusini mwa Bahari ya Hindi. Baada ya hapo dunia ikakubaliana ndege zijulikane zilipo kila dakika 15, kuanzia Novemba 2018.

#22 Msomi_wa_Mbezi
Kwa hiyo mawasiliano yanaweza kuwepo na yasibebe kitu?

#23 Zamu_ya_Usiku
Ndiyo, mkuu. Swali zuri kuliko lile la simu 😄

#24 Jua_Kali_Nairobi
Sasa mimi naleta jua, na sio jina langu tu. Septemba 6, 2017 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa jua, daraja X9.3, wakati ule ule kimbunga Irma kinapiga Karibi. HF ikanyamaza saa kadhaa pale watu walipoihitaji zaidi. Mwenye uzi anasema HF ilikuwa inakwaruza. Angalieni hali ya jua ya siku ile kwanza.

#25 Fundi_Avioniki
Usiku wa saa 8? Mlipuko wa jua unaua HF upande wa mchana.

#26 Jua_Kali_Nairobi
Sawa, mlipuko toa. Lakini sisi tuko ukanda wa ikweta. Jua likizama anga la juu huku kwetu linachemka, mawimbi ya setilaiti za masafa kama ya Inmarsat yanapepesuka kama taa inayotaka kuzima. Hilo hutokea baada ya magharibi na linaweza kuendelea hadi usiku mkuu. Huwezi kunitoa hapo.

#27 Fundi_Avioniki
Hapo sikutoi. Ila kupepesuka kwa sekunde au dakika, mfumo unarudia unapita. Dakika 41 mfululizo ni nyingi.

#28 Muongozaji_EA
Niongeze la kuogopesha kuliko kuchelewa. Ujumbe kuchelewa na kufika wakati hautakiwi tena. Mwaka 2017 upande wa Pasifiki, njia ya Hawaii, ruhusa ya kupanda ilikwama kwenye foleni ya setilaiti ikaja kufika ndege hiyo hiyo ikiwa kwenye safari nyingine. Rubani akatii, akapanda futi 1,000 ambazo hakuna muongozaji aliyempa kwa safari ile. Fikiria hilo.

Ndiyo maana Atlantiki ya Kaskazini tangu Machi 2018 wanadai kiwango: kwa RCP240, mzunguko wa swali na jibu ukamilike ndani ya sekunde 180 kwa mawasiliano 95 kati ya 100. Ukishindwa, huruhusiwi kwenye zile njia ambazo ndege zinapita karibu karibu. Mpanga_Safari, zako zile tatu zilirundikana mahali. Mtu alikuwa amezishika. Zilikuwa kwa nani?

#29 Bahari_Yetu
Hapo kwenye "mtu alikuwa amezishika" ndipo pa kuchimba. Mtoa huduma wa ardhini anaweka ujumbe foleni ndege isipoonekana. Kama mfumo wenu hauna muda wa kuisha kwa ujumbe, utakaa humo hata saa nzima.

#30 Kapteni_Mstaafu
Na upande wa rubani kuna jingine. Kwenye Airbus zile ninazozijua, muongozaji akikuandikia, taa ya ATC MSG inapepesa, mlio unalia, unasoma, unachagua WILCO (yaani nitatekeleza). Hujamaliza. Lazima ubonyeze na SEND. Usiku, umechoka, umechagua WILCO ukaendelea na kazi. Wewe unajua umejibu, ardhini muda unaisha. Mara ngapi tumeitwa kwa sauti, "Hamjajibu," nasi tunaapa tumejibu.

#31 Rubani_Kijana
Shikamoo Kapteni. Ninaongezea la siku hizi: kuvurugwa kwa GPS, mashariki ya Mediterania, Iraki, Bahari Nyeusi. Ishara ya uongo ikiingia, saa ya ndege nayo inaweza kurukia wakati mwingine. CPDLC inaweka muhuri wa saa kwenye ujumbe. Saa ikiwa ya uongo, kituo kinakukataa. Kuna wenzangu wametua na saa ya ndege ikiwa bado haijakubali kurudi sawa. Njia ya Mumbai sijui kama inahusika, ila muangalieni ndege hiyo ilikuwa wapi siku moja kabla.

#32 Mpanga_Safari
Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, sikutegemea.

Leo nilikwenda kwenye kumbukumbu za mtoa huduma. Ujumbe wa kwanza: umepokelewa saa 8:10, umepelekwa VHF, haukujibiwa, umerudiwa, haukujibiwa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu umepelekwa setilaiti, nao haukujibiwa. Saa 8:49 ndege ikaingia upya kwenye mtandao kupitia kituo cha pwani, kama imezaliwa leo. Saa 8:51 zote tatu.

Rubani_Kijana #31, siku moja kabla ndege hiyo ilikuwa Istanbul.

#33 Fundi_Avioniki
Nilisema. VHF ilidanganya.

#34 Jua_Kali_Nairobi
Na setilaiti ikakataa. Nilisema mimi.

#35 Rubani_Kijana
Istanbul! Angalieni saa ya ndege.

#36 Kapteni_Mstaafu
"Imeingia upya kama imezaliwa leo." Mwanangu, muulize msaidizi wa rubani, kwa upole, kama kuna mtu aliyegusa VHF 3 karibu na saa 8:49. Usimuulize kapteni.

#37 Muongozaji_EA
Omba pia rekodi ya kompyuta ya mawasiliano ya ndege yenyewe. Fundi, inakaa muda gani kabla haijafutwa?

#38 Fundi_Avioniki
Inategemea kompyuta. Nyingine safari chache tu. Mpanga_Safari, ndege hiyo iko wapi sasa hivi?

#39 Mpanga_Safari
Iko kwenye hanga tangu jana, inatoka kesho saa 12 asubuhi. Nampigia fundi wa zamu sasa hivi.